Ngao Isomwe Kwenye Mita

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani, ambaye ni mtumishi wa Serikali, katika mkutano wetu wa mwaka uliofanyika kwenye bwalo la shule.)



Katibu aliponiandikia kuniomba nizungumze, alitaka nieleze kazi ninayoifanya serikalini. Nilimjibu kwamba kazi yangu haina hadithi ya kuwasahaulisha watu pilau inayonukia hapo nyuma. Kwa miaka mingi sasa shughuli yangu imekuwa ni majengo ya ofisi: mikataba yake ya pango, matengenezo yake, na zaidi ya yote ankara zake za umeme. Lakini nilipoletewa ajenda ya leo nikaona kwamba kifungu cha tano ni mchoro wa jengo letu la kitega uchumi, lile tunalotaka kulijenga mjini ili kodi yake iwasaidie vijana wasiojiweza kwa nauli, sare na vitabu. Hapo nikasema, nina neno. Nitalifikia kwa kuzunguka kidogo, naomba mnivumilie.

Nianzie nyumbani. Zama zetu, kila Jumamosi saa tatu asubuhi ulikuwa ukaguzi wa mabweni. Bweni lililoshinda lilipewa ngao ya usafi, ikatundikwa kwenye msumari juu ya mlango wiki nzima. Bweni letu lilikaa na ngao ile karibu muhula mzima, nasi tulitembea kifua mbele. Siri yetu mnaijua, maana nadhani hata ninyi mlikuwa nayo. Ijumaa usiku tulideki sakafu kwa ndoo za maji, tukakunja mablanketi kwa mistari, na takataka zote tukazihamishia nyuma ya bafu. Jumatatu bweni lilikuwa limerudi katika hali yake ya kawaida, yaani hali ambayo sitaieleza mbele ya wake zetu waliofuatana nasi leo. (Kicheko.)

Basi Jumatano moja baada ya chakula cha mchana, mwalimu wa zamu aliingia bila taarifa. Hakugomba. Alitazama huku na huku, akapanda juu ya kitanda cha kiranja, akaitungua ngao kwa mkono wake mwenyewe, akaenda nayo ofisini kwapani. Kwa wiki mbili msumari ule ulibaki mtupu juu ya mlango wetu, na kila aliyepita alijua maana yake.

Nimemkumbuka sana mwalimu yule katika kazi yangu. Siku hizi serikali nyingi duniani zina namna yao ya kugawa ngao za majengo. Jengo la biashara linalotumia umeme kwa busara hupewa hati, nyota au kibao cha kutundika mlangoni. Na swali ni lile lile la Jumamosi na Jumatano: je, mkaguzi anatazama nini, na anakuja siku gani?

Mpango ninaoufahamu vizuri zaidi ni ule wa Marekani. Mwaka 1991 shirika la serikali ya nchi ile linaloshughulikia hifadhi ya mazingira lilianzisha mpango ulioitwa Green Lights. Makampuni yaliombwa, wala hayakuamriwa, yatie sahihi ahadi ya kukagua taa za majengo yao na kuzibadili pale ambapo hesabu inaonyesha faida. Mwaka uliofuata, 1992, ikatoka alama iitwayo ENERGY STAR, kwanza kwa kompyuta na vioo vyake. Wengi wenu mmeiona kwenye kompyuta iwashwapo, nyota na maandishi ya mkono. Mwaka 1995 wakaupeleka mpango kwenye majengo, na mwaka 1999 wakatoa kipimo cha alama kuanzia 1 hadi 100.

Hapa ningeomba walimu wa hisabati wanisikilize, kwa sababu uzuri wa kipimo kile uko katika namna ya kusahihisha. Mwenye jengo haulizwi amenunua mashine gani. Anatakiwa alete ankara za miezi 12 mfululizo, za umeme, gesi na nishati nyingine yoyote, pamoja na ukubwa wa jengo, saa za kazi kwa wiki, idadi ya watu na kompyuta zilizomo, na mahali jengo lilipo ili hali ya hewa ihesabiwe. Kisha jengo hilo linalinganishwa na mengine ya aina yake, kwa kutumia takwimu ambazo serikali yao hukusanya kwa kupima sampuli ya majengo ya biashara nchi nzima. Hospitali haishindanishwi na ghala, wala ofisi inayofanya kazi usiku na mchana haishindanishwi na ile inayofungwa saa kumi alasiri. Alama 50 maana yake jengo lako liko katikati kabisa. Ukipata 75 au zaidi, umeingia katika robo ya juu, na hapo ndipo unaweza kuomba hati.

Hata hivyo hati haitoki kwa maneno yako mwenyewe. Lazima mhandisi au msanifu majengo mwenye leseni afike pale, ahakikishe hesabu, na atazame pia kama walioko ndani wana hewa, mwanga na joto linalostahili. Jambo hili la mwisho lina hekima. Njia rahisi kuliko zote ya kupunguza umeme ni kuzima kila kitu na kuwaacha watumishi gizani wakitoka jasho, na mimi nimewahi kufanya kazi chini ya mkuu aliyeipenda njia hiyo.

Tena hati ina mwaka wake. Ya mwaka jana si ya mwaka huu, na anayetaka kuendelea kuitwa mshindi lazima alete ankara nyingine. Kwa maneno mengine, wamemwajiri mwalimu wa zamu wa Jumatano.

Mtauliza, hati ile ina fedha? Kibao chenyewe hakiji na hundi. Lakini serikali ina mkono mwingine ambao wengi huusahau: serikali ni mpangaji mkubwa. Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 2007, kuanzia Desemba 2010 idara za serikali kuu zinatakiwa zipange katika majengo yaliyopata alama ile mwaka wa karibuni, isipokuwa katika hali maalumu zilizotajwa. Mwenye jengo anayetaka mpangaji asiyehama na asiyekimbia na kodi analielewa jambo hilo mara moja, bila semina.

Nitawapeni kisa kimoja cha kufurahisha, hasa kwa sababu ya mabweni. Mwaka 2010 shirika lile lilifanya mashindano ya kitaifa ya majengo, kuona lipi litapunguza matumizi kwa kiasi kikubwa zaidi. Yalishindana majengo 14, yakiwamo maofisi, maduka na mahoteli. Aliyeshinda hakuwa tajiri wa mjini. Lilikuwa bweni la wanafunzi, Morrison, katika Chuo Kikuu cha North Carolina kule Chapel Hill, lililopunguza matumizi yake kwa asilimia 35.7. Naona vijana wa Kidato cha Sita huko nyuma wanatabasamu. (Makofi.)

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nibadili mawazo yangu. Mji wa New York ulipitisha sheria mwaka 2009 kwamba majengo makubwa yote yapeleke hesabu ya nishati yao kila mwaka, kwa kutumia kipimo kile kile cha 1 hadi 100. Mwaka 2012 alama za majengo ya biashara zikatangazwa, na watu wakashangaa. Jengo la Chrysler, la mwaka 1930, lilipata 84. Empire State, lililofunguliwa mwaka 1931, lilipata 80. Lakini 7 World Trade Center, jengo jipya la mwaka 2006, lililosifiwa na kupewa cheti cha dhahabu na chama kimoja binafsi cha majengo ya kijani, lilipata 74. Lilikosa kwa alama moja! Na Seagram, jengo mashuhuri la mwaka 1958 ambalo wanafunzi wa usanifu hufundishwa kulistahi, lenye kioo cha tabaka moja kutoka sakafuni hadi darini, lilipata 3. Tatu katika mia, ndugu zangu.

Sitaki kuwadhulumu waliotoa cheti kile cha dhahabu. Wao walitazama mambo mengi, maji, vifaa, hewa ya ndani, na alama 74 si aibu. Wala ubora wa majengo ya zamani haukutokana na maarifa peke yake: kuta nene na madirisha machache husaidia bila kuombwa. Empire State nalo lilikuwa limefanyiwa kazi kubwa tangu mwaka 2009. Madirisha yake 6,514 yalifunguliwa, yakasafishwa, yakawekewa utando katikati ya vioo viwili, yakarudishwa mahali pake, na kazi hiyo ilifanyika ndani ya jengo hilo hilo pasipo kutupa vioo vya zamani. Lakini fundisho lilibaki pale pale. Sifa iliyotokana na mchoro ilisema jambo moja, na mita ikasema jingine.

Baadaye mji ule ulikwenda mbali zaidi. Kwa sheria ya mwaka 2018, kuanzia mwaka 2020 majengo makubwa hutundika mlangoni herufi yake, kama matokeo ya mtihani: alama 85 na kuendelea ni A, 70 mpaka 84 ni B, 55 mpaka 69 ni C, chini ya hapo ni D, na asiyepeleka hesabu hupewa F. Mpangaji anaisoma kabla hajapanda lifti. Je, hilo ni tuzo au ni adhabu? Mimi naona ni ule msumari wetu mtupu.

Ndugu Mwenyekiti, nimefika mahali ambapo sikupenda kufika, lakini haitakuwa haki kuwahubiria wengine nikajiacha mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita niliteuliwa katika kamati ndogo iliyotakiwa kupendekeza jengo la kupewa hati ya pongezi kwa matumizi bora ya nishati. Taasisi iliyotutuma siitaji, wala jengo silitaji. Tulikaa siku mbili. Tuliletewa vitabu vya rangi, michoro yenye mishale ya upepo wa samawati ukiingia na upepo mwekundu ukitoka, na maelezo ya vioo maalumu kutoka ng'ambo. Chai ilikuwa nzuri. Hakuna aliyeuliza ankara, na hata angeuliza zisingepatikana, kwa kuwa jengo lilikuwa halijahamiwa bado. Tulitoa hati. Mimi nilikuwa katibu wa kamati, na sahihi yangu iko pale chini, upande wa kushoto.

Mungu si Athumani. Mwaka uliofuata idara yetu ilihamishiwa katika jengo lile lile, ghorofa mbili. Upande wetu ulitazama magharibi. Kuanzia saa nane mchana jua liliingia kwenye vioo vile kama mgeni asiyebisha hodi. Tukashusha mapazia. Kwa kuwa mapazia yameshuka, tukawasha taa, mchana kweupe, katika nchi yenye jua kama yetu. Viyoyozi vikanguruma hadi jioni. Madirisha yalikuwa hayafunguki, hivyo umeme ulipokatika na jenereta kugoma tulitoka kwenda kukaa ngazini na mafaili yetu mapajani.

Zaidi ya hayo, jengo zima lilikuwa na mita moja. Mwenye jengo aligawa ankara kwa mita za mraba. Idara iliyozima taa na idara iliyolala na viyoyozi vikiwaka walilipa sawasawa. Mwanzoni niliweka matangazo kila mlango, "Zima Taa Utokapo". Baada ya miezi mitatu sikuwa na uso wa kumwambia mtu azime kitu. Fungu la shajala na la safari za kikazi likawa linapunguzwa kila robo ili kulipia umeme. Maofisa wangu waliotakiwa kwenda wilayani hawakwenda, na huko wilayani wapo watu waliosubiri.

Hati ile ilikuwa imetundikwa mapokezi, ndani ya fremu, mkabala na lifti. Kila asubuhi nilisimama kusubiri lifti nikisoma jina langu. Siku moja mhasibu wetu, mama mmoja mtaratibu sana, alisimama kando yangu na ankara mkononi akaniuliza: "Mkuu, hivi hawa waliotoa hati hii walipima nini?" Nikamwambia sijui. Nimekaa na uongo ule mpaka leo, na nadhani ndiyo sababu ya kweli ya kukubali kusimama hapa.

Baada ya hapo nilianza kutafuta wengine wanafanyaje, na nikakuta kwamba Waaustralia walikuwa wamelitazama tatizo la mita moja kwa makini kuliko wote. Mpango wao ulianzia katika jimbo la New South Wales mwaka 1998, na sasa unaitwa NABERS. Nao hutumia ankara za miezi 12, na zawadi yao ni nyota, mwisho sita. Lakini wao hutenganisha. Kuna nyota za mwenye jengo, zinazohesabu mitambo ya kupooza hewa ya jengo zima, lifti, na taa za korido na maegesho; na kuna nyota za mpangaji, zinazohesabu taa za ofisini mwake na mashine zake. Hivyo hakuna wa kumsukumia mwenzake lawama. Kwa sheria ya mwaka 2010, anayetaka kuuza au kupangisha nafasi kubwa ya ofisi lazima atangaze nyota za jengo lake katika tangazo lenyewe. Ilianza kwa nafasi za mita za mraba 2,000 na zaidi, na tangu Julai 2017 ikashushwa hadi 1,000.

Na wanalo jambo jingine ambalo ningependa mlishike. Mjenzi wa jengo jipya anaruhusiwa kujitangaza kwa nyota anazotarajia, ili apate wapangaji mapema, lakini anatia sahihi mkataba kwamba jengo likishakaliwa miezi 12 litapimwa kwa mita, na matokeo yatajulikana. Ahadi inaruhusiwa. Kinachokatazwa ni kuifanya ahadi kuwa ndiyo matokeo. Kama kamati yetu ya siku mbili ingekuwa na karatasi ya namna hiyo, sahihi yangu isingenisuta.

Majirani zetu wa Kenya nao wameanza kwa njia ya ukaguzi. Kanuni zao za mwaka 2012 zilitaka mahali panapotumia zaidi ya uniti 180,000 kwa mwaka pakaguliwe matumizi yake ya nishati kila miaka mitatu. Hiyo ni sheria, si tuzo, lakini bila hesabu za namna hiyo hakuna tuzo yenye maana, kwa sababu huwezi kusema fulani yuko katika robo ya juu kama hujui darasa lina wanafunzi wangapi.

Wapo watakaosema mipango hii ni anasa ya matajiri. Mwaka 2025 habari zilienea kwamba serikali ya Marekani ilikusudia kuufuta ule mpango wa nyota. Walioinuka kuutetea hawakuwa watu wa mazingira peke yao. Vyama vya wenye majengo na vya wenye viwanda viliandika barua kuomba usiguswe. Mfanyabiashara hatetei kitu kisichompa faida, na hilo mimi nalihesabu kuwa ushahidi kuliko ripoti nyingi nilizowahi kusoma.

Sasa, jengo letu. Nimeutazama mchoro kwa makini, na nawashukuru wenzetu walioutengeneza kwa kujitolea. Ni mzuri kuutazama. Lakini ukurasa wa nne unaonyesha upande wa magharibi, na upande huo wote ni kioo, ghorofa ya kwanza hadi ya tano, bila kivuli cha aina yoyote. Na katika ukurasa wa umeme nimehesabu mita moja. Moja! Ndugu zangu, mimi nimekwisha kukaa katika jengo hilo. Maduka ya chini na maofisi ya juu watagombana na sisi kila mwezi juu ya ankara, wazuri watahama, na kodi tuliyowaahidi vijana itakwenda kulipia kupooza kioo.

Ninaloomba si kubwa. Upande wa magharibi uwekewe ngazi, vyoo na stoo, ambavyo havihitaji kioo, na maofisi yageukie kaskazini na kusini, yenye vibaraza vya kukinga jua kama yale majengo ya zamani ya Dar es Salaam ambayo watu walifanyia kazi kabla kiyoyozi hakijajulikana. Madirisha yafunguke. Kila mpangaji awe na mita yake, na lifti, pampu na taa za korido ziwe na mita ya kwetu, tuilipie sisi. Na msanifu wetu, ambaye ni ndugu yetu na tulilala bweni moja, asikasirike nikisema kwamba sehemu ndogo ya ada yake ibaki mikononi mwa mweka hazina mpaka jengo likae miezi 12 na mita zisomwe. Ada yenyewe amesema atatutoza nusu, kwa hiyo tutamshikia robo ya nusu. (Kicheko.)

Kuna pendekezo pia, naliona katika kifungu cha sita, kwamba siku ya ufunguzi tumwalike mgeni wa heshima aweke kibao cha marumaru kinachosema hili ni jengo la mfano kwa matumizi bora ya nishati. Naomba kifungu hicho kiahirishwe. Tuweke kibao chenye jina la shule na mwaka, basi. Hilo la mfano tulingoje miezi 12, na ankara zake zibandikwe ubaoni hapa shuleni, wanafunzi wa hisabati wazichambue wenyewe.

Mchoro ninao hapa, na nimekuja na penseli. Baada ya chakula nitakuwa katika darasa la Kidato cha Pili B, pamoja na msanifu kama atakuwa bado anasema nami. Kifungu cha tano kinapigiwa kura saa kumi.